Visiwa Kwenye Kioo cha Saluni

Ramani ilibandikwa kwenye kioo cha saluni mwezi wa pili, na mpaka mwezi wa nne ilikuwa pale pale, ina madoa ya mafuta ya nywele, na sisi watatu bado hatujui tunakwenda wapi. Ilikuwa ramani ya visiwa vya Karibi, imechapwa kwenye karatasi nne zilizounganishwa kwa selotepu, kwa hiyo Kuba ilikatika katikati na Jamaika ilipinda kidogo. Wateja waliokaa mbele ya kioo kile kusukwa walijiona nyuso zao zimezungukwa na bahari. Wengine waliuliza kama tunahama.

Hatukuwa tunahama. Tulitaka kwenda likizo mwezi wa saba, wiki mbili, mahali pa kupanda milima, kuogelea na kuendesha baiskeli, siyo mahali pa kulala ufukweni kama dagaa walioanikwa. Mwenye saluni ni Mkongo wa Uvira, amekaa Durban miaka ishirini, na mwaka mmoja kabla ya ramani ile alikuwa amepata pasipoti ya Afrika Kusini ambayo ilikuwa haijagongwa muhuri hata mmoja. Aliitunza ndani ya mfuko wa plastiki, kwenye droo ya mashine za kunyolea. Mwenzetu mwingine ni nesi, mwanamume wa Mbeya, anakaa mtaa wa Morningside hapa Durban, kwenye chumba cha uani cha watu, mtaratibu, mtu wa daftari. Na wa tatu mimi, mtoto wa Lushoto, mkaazi wa Overport, mwenye kiherehere kisichopoa.

Likizo yenyewe ilianzia mgongoni mwangu. Nafundisha watu kuendesha gari, na kazi hiyo ni kukaa kutwa kwenye kiti cha abiria, mguu juu ya breki ya ziada, ukimtazama mtu mwingine akishika usukani. Mwaka wa kumi mgongo ukakataa. Nesi, ambaye nilimfundisha mimi na akafaulu mara ya tatu, akaniambia niache vidonge, nitembee. Tukaanza kutembea Jumapili asubuhi kando ya bahari, kutoka mdomo wa mto Umgeni mpaka karibu na bandari, na kurudi. Mwenye saluni akajiunga wiki ya pili, kwa sababu, alisema, akibaki peke yake Jumapili anakula mno.

Kutembea kukazaa baiskeli za kukodi, na baiskeli zikazaa kuogelea. Nilijifunza kuogelea nikiwa na miaka arobaini na minne, kwenye bwawa la manispaa, nimevaa nguo za kunifunika mpaka vifundoni, na watoto wa shule wakinipita kushoto na kulia. Sikuona haya. Shida yangu ni kwamba nikishajua kitu, nataka kingine, na nikishafika mahali, natazama barabara inayotoka hapo.

Wazo la Karibi lilitoka kwenye gazeti la safari ambalo mteja alilisahau kwenye kiti. Lilikuwa na picha ya watu wenye mikoba mgongoni wamesimama juu ya mlima wa kijani, bahari chini yao, na maneno makubwa ya kuwaambia watu wakimbie baridi. Nesi alilisoma, akacheka. Baridi ya Durban ni ya kuvaa sweta asubuhi na kulivua saa nne. Mwezi wa saba watu bado wanaoga baharini.

"Sasa sisi tunakimbia baridi gani?" akauliza.

"Wewe kimbia tu," mwenye saluni akamjibu. "Sababu tutaitafuta njiani, hein."

Mimi sikuuliza kitu. Nilikuwa nimeshaanza kuhesabu siku zangu za likizo.

Utaratibu wa kuchagua aliutunga mwenye saluni. Kila mmoja alipewa kucha moja ya bandia, zile za kubandika: yake nyekundu, ya nesi nyeupe, yangu ya kijani. Kila Jumamosi alasiri, saluni ikishafungwa na sakafu ikishafagiliwa nywele, kila mtu anabandika kucha yake juu ya kisiwa anachokitaka, na lazima akitetee. Kucha tatu zikikutana kwenye kisiwa kimoja, tumemaliza, tunakata tiketi. Ilionekana kazi ya wiki mbili.

Lakini kuna jambo ambalo wenzangu hawakulijua, na ni hilo lililokuwa likinikosesha raha. Kwetu mtu hasafiri bila kuaga. Ukishuka Tanga mjini kununua mabati, unaaga. Ukienda Dar kwa harusi, unaaga nyumba tatu au nne. Unakaa, unaletewa chai, unasema unakokwenda na siku ya kurudi, unaomba radhi kama umemkosea mtu, unaombewa dua, ndipo unashika begi. Asiyeaga huonekana ametoroka. Hata hapa Overport, nikienda Johannesburg siku mbili, namgongea jirani yangu, mama wa Kihindi wa ghorofa ya chini, namwambia ninaondoka. Ameshazoea. Ananifungia sambusa.

Kwa hiyo kwangu mimi kucha tatu zikikutana, jambo la kwanza halingekuwa tiketi. Lingekuwa kumpigia mama yangu simu na kumuaga. Na kumuaga mama kwenda Karibi mwezi wa saba maana yake ni moja tu: mwaka huu tena siji nyumbani. Nina likizo moja kwa mwaka na uwezo wa safari moja. Mama yangu alikuwa na miaka sabini na tisa, na mimi nilikuwa sijatia mguu Lushoto miaka mitano. Hakuwahi kuniuliza naja lini. Angeniuliza ningekasirika, na kwa kuwa hakuniuliza, nilikasirika vile vile.

Tukaanza. Wiki ya kwanza mwenye saluni alibandika Martinike, kwa sababu kule wanaongea Kifaransa. "Miaka ishirini nasema Kingereza na Kizulu mpaka taya inaniuma," alisema. "Acha nipumzishe mdomo." Nesi akafungua daftari. Martinike ni ya Wafaransa, kwa hiyo visa ni ya Wafaransa, na mimi na yeye, wenye pasipoti za Tanzania, tungeanza kukusanya karatasi siku ile ile na huenda tungemaliza likizo ikiwa imepita. Kucha nyekundu ikabanduka.

Nesi alitaka Barbados. Alikuwa na sababu tisa, ameziandika kwa namba. Maji salama, hospitali nzuri, barabara nzuri, Kiingereza, na kadhalika. Nikamuuliza kama kuna mlima. Akasema kuna kilima. Nikamwambia kilima ninacho Overport, nakipanda kila siku na mwanafunzi anayelia. Mwenye saluni akacheka mpaka akashika kiti. Nesi akabandua kucha yake polepole, kama mtu aliyenyang'anywa sahani.

Mimi nikabandika Jamaika. Kuna milima ya buluu, watu wanaamka alfajiri kuipanda wakaone jua likichomoza. Wote wawili wakakubali. Kucha nyekundu ikaja, kucha nyeupe ikaja, zikakaa karibu na yangu, na mwenye saluni akawa ameshachukua simu atafute ndege. Nikasema, "Ngojeni kwanza." Nikasema Jamaika kila mtu anakwenda. Nikasema ni kubwa mno, tutamaliza likizo ndani ya gari, na mimi gari nimelichoka. Nikabandua kucha yangu mwenyewe.

"Yaya," mwenye saluni akaniita hivyo kwa kuwa nimempita umri, "si wewe ndio umeileta Jamaika?"

"Nimeiacha."

"Vraiment? Kweli?"

"Nimeiacha, nimesema."

Ndivyo ilivyoendelea. Sent Lusia ina vilele viwili vinavyosimama moja kwa moja kutoka baharini, na nesi alikuwa amekwishajua njia ya kuvipanda ina saa ngapi. Nikasema ni kisiwa cha maharusi, tutapanda mlima katikati ya watu wanaobusiana. Tobago nikasema ina upepo. Sikuwa na ushahidi wowote wa upepo. Grenada nikasema ni ndogo, wiki iliyofuata nikaitaka mwenyewe, wiki iliyofuata tena nikaikana. Kucha yangu ilibandikwa na kubanduliwa mpaka rangi ya kijani ikaanza kutoka na ikabidi mwenye saluni anipe nyingine.

Na nje ya saluni nilikuwa vivyo hivyo. Nililala vibaya, niliamka kabla ya adhana ya simu, nilipika vitu viwili nikala kimoja nusu. Asubuhi moja nilikuwa na mwanafunzi, mwanamke mtu mzima, mpole, mjane anayejifunza kwa kuwa mumewe ndiye aliyekuwa dereva. Tulikuwa tunapanda mwinuko mkali kuelekea Berea, na juu pale kuna robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani hapa. Taa ikawa nyekundu. Akasimama vizuri kabisa, akavuta breki ya mkono kama nilivyomfundisha, akasubiri. Taa ikawa ya kijani. Akaachia klachi taratibu, gari likaanza kupanda, hakuna kilichoharibika, na mimi nikakanyaga breki yangu kwa nguvu zote.

Gari likazimika. Nyuma taxi ikaanza kupiga honi, dereva wake akatoa kichwa dirishani. Yule mama akanigeukia.

"Nimekosea nini?" akaniuliza.

Hakukosea chochote. Nilimwomba msamaha, tukaegesha pembeni, na somo lile sikumtoza. Nilikaa mle ndani ya gari nikijionea hasira. Mtu wa miaka yangu, nimemtisha mjane barabarani kwa ajili ya kisiwa.

Jumapili ile tukitembea, mwenye saluni akiwa mbele anaongea na simu, nesi akapunguza mwendo akawa sawa nami. Yeye huwa hapunguzi mwendo.

"Dada, nikuulize kitu, usinikaripie."

"Inategemea."

"Hii safari unaitaka au huitaki? Kwa sababu mimi naandika tu kwenye daftari, nafuta, naandika, nafuta. Karatasi imechanika."

Nilitaka kumkaripia. Badala yake nikamwambia. Tulikuwa karibu na pale wanapouza juisi ya miwa, tukakaa ukutani, na nikamweleza yote, na mwenye saluni aliporudi na simu yake nikaanza upya ili na yeye asikie.

Miaka mitano nyuma nilikwenda milima ya Drakensberg na kundi la wapanda milima, siku tatu. Jioni kabla ya kuondoka nilimpigia baba, kama desturi, nikamuaga. Tuliongea dakika mbili. Alikuwa na haraka ya kuwahi magharibi msikitini, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akutangulie," akakata. Kule juu hakuna mtandao. Nilipanda, nikapiga picha, nikala mkate na maharage ya kopo, nikafurahi kuliko nilivyofurahi mwaka mzima. Siku ya tatu tuliposhuka, simu ikashika mtandao, ikaanza kulia mfululizo. Baba alifariki usiku ule ule niliomuaga. Walimzika kesho yake adhuhuri, maana kwetu maiti haisubirishwi. Mimi nilifika Lushoto siku ya saba tangu afe. Kaka yangu mkubwa alinifungulia mlango, akanitazama, akasema, "Karibu mgeni."

Nilikaa siku nne nikaondoka. Tangu hapo kila likizo ikifika napata mahali. Mwaka wa kwanza Lesotho, wa pili Maputo, halafu Cape Town, halafu Namibia ambako nilitembea mchangani mpaka kucha za miguu zikatoka. Kila mara namuaga mama kwa simu, na kila mara anasema haya, Mungu akutangulie. Na kila mara nikikata simu nabaki nimeishika kwa muda, nikingojea sijui nini.

Mwenye saluni akanishika goti.

"Eish, yaya," akasema. Halafu akaongeza, "Bon. Lakini mimi pasipoti yangu inaoza kwenye droo. Jumamosi tunachagua, na wewe unampigia mama, na kama kulia utalia, sisi iko hapa."

Nilimpenda kwa maneno hayo. Mtu mwingine angeanza kunihurumia.

Jumamosi tukachagua Dominika. Siyo ile Jamhuri ya Dominika kubwa inayojulikana. Hii ni kisiwa kidogo chenye misitu, mito isiyohesabika na njia ya miguu inayokata kisiwa kizima kutoka kusini mpaka kaskazini. Kuna ziwa juu mlimani ambalo maji yake yanachemka yenyewe, na kulifikia ni mwendo wa saa tatu kwenda na saa tatu kurudi, tope mpaka magotini. Wazee wa kule wanaongea lugha iliyozaliwa na Kifaransa, kwa hiyo mwenye saluni akaridhika. Nesi alisema mwezi wa saba ni mwanzo wa msimu wa vimbunga, akaandika hilo kwenye daftari, akalipigia mstari, halafu akabandika kucha yake. Mimi nilitafuta kasoro. Kwa mara ya kwanza sikuiona. Nikabandika ya kijani kati ya nyekundu na nyeupe, na mwenye saluni akapiga kigelegele peke yake ndani ya saluni iliyofungwa.

Nilimpigia mama kesho yake baada ya alasiri, saa ambayo najua ameshafunga mbuzi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula. Mama, nakuaga. Mwezi wa saba nina safari."

"Wapi?"

"Mbali. Kisiwa kimoja, upande wa Amerika kule."

"Kuna nani?"

"Hakuna mtu, mama. Nakwenda na rafiki zangu, kutembea."

"Mgonjwa hakuna?"

"Hakuna."

"Harusi?"

"Hakuna mama, tunakwenda kupanda mlima."

Nilisikia kuku wake.

"Unapanda ndege," akasema, "unavuka bahari, unakwenda kupanda mlima."

"Ndiyo."

"Na juu kuna nini?"

"Kuna ziwa. Linachemka."

"Nani kalibandika jikoni?"

Nilicheka, naye akacheka, na nikadhani nimevuka. Nikasema yale yanayosemwa: mama naomba radhi yako, naomba dua yako, kama nimekukosea unisamehe. Nikangojea ile "haya, Mungu akutangulie" ya kila mwaka.

"Sitoi," mama akasema.

"Nini?"

"Radhi sitoi. Safari ya mbali hivyo haiagwi kwa simu. Njoo uniage."

Mama yangu na mimi tumefanana hasira, yake imezama na yangu inaelea. Nikamweleza, sauti ikipanda, kwamba kuja kuaga ndiyo likizo yenyewe, kwamba nikija Lushoto sibaki na siku wala nauli ya kwenda popote, kwamba watu wananitegemea, kwamba mimi ni mtu mzima, nina miaka arobaini na sita. Nikasema, "Mama, unanizuia."

"Sikuzuii. Nani kakushika? Nenda," akasema. "Lakini baba yako ulimuaga kwa simu."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama anavyosema mvua imechelewa. Halafu akasema ana maji motoni, akakata.

Nilizunguka ndani ya flati yangu, ambayo ina vyumba viwili, kwa hiyo ni kuzunguka kwa hatua chache. Nilikasirika kweli. Nilisema kwa sauti, peke yangu, maneno ambayo mtu hamwambii mama yake. Nilisema nitakwenda bila radhi, nione kitakachotokea. Nikakunja nguo, nikakunjua. Nikashuka ngazi nikatembea mpaka madukani, nikanunua chumvi ambayo ninayo. Wiki nzima nilikuwa hivyo, na wanafunzi wangu wote wiki ile walikuwa wananiangalia kwa pembe ya jicho kabla ya kuwasha gari.

Jumamosi niliwaambia wenzangu. Nilidhani nesi ndiye atakayenielewa na mwenye saluni atanuna. Ikawa kinyume. Nesi alifunga daftari, akatoka nje akasimama barabarani. Baadaye aliniambia alikuwa amekwishatuombea sote watatu nafasi kwa mwongozaji wa njia ya ziwani, na alikuwa na hasira na hakutaka niione. Mwenye saluni aliendelea kukunja taulo.

"Mama yangu iko Uvira," akasema. "Na mimi kule sifiki. Kwa sasa barabara haiko, na hata ikiwepo, mimi naogopa. Nikimpigia nasema, mama, nataka kwenda pahali, anasema enda, mtoto wangu, enda mbali. Anaogopa nisije nikarudi." Akaweka taulo juu ya taulo. "Wako amekukatalia. Sasa unanililia nini hapa?"

Nilikuwa silii. Nikaanza.

Mwezi wa saba wao walikwenda Dominika na mimi nikaenda Lushoto. Nilipanda basi kutoka Dar nikiwa na roho juu njia nzima, na zile kona za Soni zilinitapisha kama mtoto. Kaka yangu alikuwa stendi. Sikumwambia basi langu, kwa hiyo sijui alisimama pale tangu saa ngapi. Ameota mvi. Alichukua begi langu bila kusalimia, akalitia kwenye pikipiki, halafu akasema, "Umekonda. Panda." Hatukulizungumza lile neno lake la miaka mitano, wala sasa hatulizungumzi. Lakini kila asubuhi aliniletea maji ya moto ya kuoga na kuyaacha mlangoni, kwa sababu Lushoto mwezi wa saba ndiyo baridi, siyo hii ya Durban ya mzaha.

Mama alinipeleka kila mahali kwa miguu. Kwa shangazi, kwenye shamba la migomba, kwa mwenye kisima, makaburini, na hakuna njia hata moja iliyo tambarare. Mimi mwenye viatu vya kupandia mlima na miaka mitatu ya mazoezi ya Jumapili nilibaki nyuma nahema, na yeye, kandambili miguuni na mzigo wa majani kichwani, alisimama kwenye kila kona akinisubiri na kunicheka. Ukungu ulishuka mchana, tukawa tunasikiana bila kuonana. Kwenye simu zilikuja picha: nesi ametapakaa tope mpaka kidevuni, mwenye saluni ameshika pasipoti iliyofunguliwa kwenye ukurasa wenye muhuri, anacheka meno yote nje. Niliona wivu. Nilikaa kwenye ukuta wa zizi la mbuzi nikaona wivu mtupu kwa nusu saa, na mama akapita akaniuliza kama nimekula.

Siku ya kumi na mbili ilikuwa ya kuondoka. Basi lilikuwa la saa tatu asubuhi. Tangu nifike mama hakuwa ametaja kuaga hata mara moja, nami nilidhani limekwisha, nimekuja, yametosha. Saa mbili aliniita chumbani kwake. Alikuwa ametandika mkeka, amejifunga kanga safi, amekaa, miguu ameinyoosha mbele.

"Haya," akasema. "Niage."

Nikakaa, nikashika mkono wake wa kulia, nikaanza kama inavyoanzwa. Mama, nasafiri, narudi Durban kazini, naomba radhi yako.

Akatikisa kichwa. "Safari yako naijua. Durban naijua. Nimekwambia uniage mimi."

Sikumwelewa, na nadhani ilionekana usoni.

"Siku utakayopata habari yangu," akasema, "kama uko juu ya mlima, kaa huko huko juu. Usije mbio. Usije ukafika siku ya saba ukasimama mlangoni kama ulivyosimama. Uwe umeshaniaga."

Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na chochote, alikuwa na miaka sabini na tisa tu na kanga safi, na mkono wake ulikuwa wa moto ndani ya mkono wangu. Nilimwambia nampenda, neno ambalo kwetu halisemwi, likatoka vibaya. Nilimwomba radhi kwa baba, kwa miaka mitano, kwa maneno niliyoyasema peke yangu ndani ya flati na yeye hakuyasikia. Kwa kila moja alisema, "Nimekuachia," akangojea linalofuata.

Kaka yangu aligonga mlango mara mbili, halafu akaacha kugonga. Basi la saa tatu likaondoka.